Shutruk-Nahhunte, Mfalme wa Elamu Aliyeteka Mawe na Miungu



Wasikilizaji wapendwa, katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 14, twasoma habari za wafalme wanne waliotoka mashariki, wakawapiga wafalme wa Sodoma na Gomora, wakamchukua mateka Loti pamoja na mali yake yote. Mkubwa wao aliitwa Kedorlaoma, mfalme wa Elamu, na miji ile ya bonde ilikuwa imemtumikia yeye miaka 12. Abramu, ambaye baadaye aliitwa Abrahamu, aliwafuatia usiku pamoja na watumishi wake 318, akamwokoa Loti. Aliporudi, Melkisedeki akamlaki kwa mkate na divai. Sehemu hiyo ya mwisho twaijua sana, kwa kuwa Kanisa humkumbuka Melkisedeki katika Misa. Lakini ile nchi ya Elamu, ambayo mfalme wake aliweza kutoza kodi hata bondeni mwa Yordani, ni wachache wanaoijua. Wengi hulisoma jina lake na kupita.

Somo la leo ni juu ya nchi hiyo, na hasa juu ya mfalme wake mmoja ambaye Biblia haimtaji. Jina lake ni Shutruk-Nahhunte. Alitawala tangu karibu mwaka wa 1185 hata karibu mwaka wa 1155 kabla ya Kristu, yaani katika nyakati za Waamuzi wa Israeli. Tumemchagua kwa sababu matendo yake yatufungulia maana ya sura nyingi za Agano la Kale. Kwa nini Wafilisti waliliweka Sanduku la Agano nyumbani mwa Dagoni? Kwa nini Nebukadneza alivichukua vyombo vya Hekalu na kuvitia katika hazina ya mungu wake? Kwa nini nabii Isaya aliicheka miungu iliyopakiwa juu ya wanyama? Aliyekwisha kumfahamu mfalme huyu wa Elamu atayasoma mambo hayo kwa macho mengine.

Elamu ilikuwa mashariki ya mto Tigri, katika sehemu ambayo leo ni kusini-magharibi ya Irani. Ilikuwa nchi ya namna mbili. Upande mmoja ni tambarare yenye joto kali na mito, na hapo ulisimama mji wa Susa, ambao Biblia huuita Shushani, mji wa Esteri na wa Nehemia. Upande wa pili ni milima mirefu, na huko ulikuwapo mji wa Anshan. Ndiyo maana wafalme wake walijiita wafalme wa Anshan na Susa. Milimani mlipatikana mbao, madini na mawe. Tambarare ilitoa nafaka. Babeli, jirani yake wa magharibi, ilikuwa na nafaka nyingi lakini haikuwa na mawe wala miti ya kujengea. Wababeli walijenga kwa udongo. Wakati mwingine walivinunua vitu hivyo vya mlimani, na mara nyingi walikwenda kuvichukua kwa silaha. Basi chuki kati ya nchi hizo mbili ilikuwa ya zamani sana, na haikuwa ya upande mmoja.

Lugha ya Waelamu haikuwa jamaa ya Kiebrania wala ya Kibabeli, wala haikuwa jamaa ya lugha ya Waajemi waliokuja baadaye. Walikopa kwa Wababeli zile herufi zenye umbo la kabari, zilizochapwa katika udongo mbichi au kuchongwa katika jiwe. Jina la Kedorlaoma lina umbo la Kielamu: neno la kwanza ni Kutir, na la pili ni Lagamar, ambalo ni jina la mungu wao mmoja. Katika maandiko ya wafalme yaliyochimbuliwa hata sasa hajaonekana mfalme wa jina hilo lenyewe. Lakini mwana wa Shutruk-Nahhunte aliitwa Kutir-Nahhunte, na masikio yenu yenyewe yasikia kwamba neno la kwanza ni lile lile. Nahhunte alikuwa mungu wao wa jua. Mungu mkuu wa Susa aliitwa Inshushinak, maana yake Bwana wa Susa, na kwa ajili yake mambo mengi yalitendeka, kama mtakavyosikia.

Zaidi ya miaka 100 kabla ya mfalme wetu, mfalme mwingine wa Elamu, Untash-Napirisha, alikuwa amejenga mji mpya wa ibada, kiasi cha kilometa 40 kutoka Susa. Katikati yake alisimamisha mnara wa ngazi wa matofali, ambao kila upande chini ulikuwa na urefu wa meta 105. Magofu yake yangali yasimama mahali paitwapo Chogha Zanbil, na tangu mwaka 1979 yamehesabiwa na UNESCO kati ya hazina za dunia nzima. Anayetaka kuufahamu mnara wa Babeli na afikiri juu ya mnara kama huo: kilima kilichofanywa na mikono ya watu, ili mungu apate mahali pa kushukia.

Shutruk-Nahhunte alikuwa mwana wa Hallutush-Inshushinak. Alijenga na kutengeneza mahekalu, si Susa tu bali hata Liyan, pwani ya Ghuba, na kama wafalme wote wa Elamu alipiga jina lake katika matofali, ili hata ukuta ukianguka jina lionekane. Lakini alikuwa na tamaa nyingine ambayo wenzake hawakuwa nayo kwa kiasi hicho: alipenda kukusanya mawe ya ukumbusho ya wafalme wa kale. Alianza nchini mwake mwenyewe. Mawe yaliyosimamishwa na wafalme waliomtangulia katika miji mingine ya Elamu aliyaleta Susa, akayaweka mbele ya Inshushinak, na juu yake akaandika jinsi alivyoyaleta. Mtu aweza kusema kwamba hilo si kosa, kwani mali ilibaki nyumbani. Ni kweli. Lakini mkono uliozoea kuhamisha vitu vya nyumbani haukawii kunyoshwa hata kwa jirani.

Babeli wakati huo ilitawaliwa na Wakasi, watu wa asili ya kigeni waliokuwa wameishika nchi kwa muda wa miaka ipatayo 400. Nyumba za wafalme wa Elamu na wa Babeli zilikuwa zimeoana mara nyingi. Iko nakala ya barua, iliyohifadhiwa leo mjini Berlin, ambamo mfalme mmoja wa Elamu awaandikia wakuu wa Babeli. Wataalamu wengine husema ni Shutruk-Nahhunte, wengine husema ni mwanawe. Mfalme huyo ahesabu mabinti wa Babeli walioolewa Elamu, mama kwa mama, kisha auliza: mimi niliye wa damu hiyo, kwa nini sikukaa katika kiti cha enzi cha Babeli? Tena atisha kwamba atakuja kuivunja miji yao. Ndivyo ndoa zilizofungwa ili kuleta amani zilivyogeuka kuwa sababu ya vita. Jambo hilo halikutokea Elamu peke yake.

Nafasi ikapatikana mwaka 1158. Waashuru kutoka kaskazini walikuwa wamekwisha kuipiga Babeli na kuinyang'anya miji kadhaa. Mfalme wake, Zababa-shuma-iddin, alikuwa hajamaliza hata miaka 2 katika ufalme. Shutruk-Nahhunte akashuka na jeshi, akavuka mto Tigri, akaishinda miji moja baada ya mwingine, kati yao Sippar, mji mtakatifu wa mungu jua, akamwondoa mfalme yule na kumweka mwana wake Kutir-Nahhunte aitunze nchi. Akaitoza miji kodi ya dhahabu na fedha. Mambo hayo hufanywa na washindi wote, na pengine tungelisahau jina lake kama angaliishia hapo. Lakini aliamuru pia kwamba mawe ya ukumbusho yang'olewe mahali pake na kupelekwa Susa. Kutoka Sippar hata Susa ni zaidi ya kilometa 350 hata kama mtu angeruka kama ndege, na katikati mna mito na matope. Mengine ya mawe hayo yana uzito wa tani kadhaa. Fikirini ni watu wangapi na maksai wangapi waliotaabika kwa ajili ya kazi ambayo haikumletea mtu yeyote chakula.

Tutazame mawe mawili tu. La kwanza ni jiwe la chokaa lenye rangi ya waridi, refu kama meta 2, lililochongwa kwa amri ya Naram-Sin, mfalme wa Akadi, ambaye alitawala karibu mwaka wa 2254 hata 2218 kabla ya Kristu. Lilikuwa tayari na umri wa miaka 1000 Shutruk-Nahhunte alipolikuta Sippar. Laonyesha mfalme akipanda mlima mbele ya askari wake. Chini ya miguu yake wamelala maadui waliokufa. Mmoja ana mkuki shingoni, mwingine ainua mikono kuomba huruma. Kichwani mfalme amevaa kofia ya vita yenye pembe. Pembe hizo zilikuwa alama ya miungu. Ndiyo kusema Naram-Sin alijifanya mungu angali hai, akataka kila apitaye ajue.

Tena tusisahau kwamba wafalme wa Akadi waliwahi kuitawala Susa yenyewe. Basi Mwelamu alipolisimamisha jiwe la Naram-Sin katika mji ule ule, lazima moyo wake ulifurahi sana. Hakulifuta jina la Naram-Sin. Kando ya kilele cha mlima uliochongwa aliandika maneno yake kwa Kielamu: kwamba yeye ni Shutruk-Nahhunte, mwana wa Hallutush-Inshushinak, mtumishi apendwaye na Inshushinak, mfalme wa Anshan na Susa, kwamba kwa amri ya Inshushinak aliupiga mji wa Sippar, akalitwaa jiwe la Naram-Sin, akalileta Elamu, akamtolea mungu wake liwe sadaka. Alimwacha Naram-Sin na jina lake kwa sababu mateka asiye na jina hamletei sifa aliyemteka.

Yasikilizeni vema maneno hayo, kwa amri ya Inshushinak. Mfalme hasemi kwamba alitamani. Asema aliamriwa. Nadhani hapo ndipo dhambi yake ilipo nzito kuliko katika kuiba kwenyewe, maana mwizi wa kawaida ajua kwamba ameiba. Huyu aliiweka tamaa yake kinywani mwa mungu wake, kisha akarudi kumshukuru mungu huyo kwa kuisema. Amri ya pili yatukataza kulitaja bure jina la Mungu, na watu wengi hufikiri kwamba yahusu tu viapo vya sokoni.

Jiwe la pili lajulikana duniani kote. Ni jiwe jeusi, gumu sana, lenye urefu wa meta 2 na robo, nalo limeandikwa sheria za Hammurabi, aliyetawala Babeli tangu mwaka wa 1792 hata 1750 kabla ya Kristu. Juu yake mfalme asimama mbele ya mungu jua, mwenye hukumu, akipokea kutoka kwake alama za ufalme. Chini yake ni mistari midogo iliyojaa hukumu: juu ya wizi, mashamba, mifereji ya maji, ndoa, urithi, mishahara, ng'ombe mwenye kupiga pembe. Mwishoni Hammurabi aliweka laana ndefu juu ya mtu yeyote atakayelifuta jina lake au kuyabadili maneno yake. Tena sheria ya 6 katika jiwe hilo yasema kwamba aibaye mali ya mungu au ya jumba la mfalme atauawa, na yeye aipokeaye mali hiyo mkononi mwake atauawa pia. Jiwe lenye maneno hayo likabebwa hata Susa na kutolewa sadaka.

Huko Susa mafundi walianza kuisugua sehemu ya chini ya upande wa mbele. Safu kadhaa za maandiko zilifutwa, na pamoja nazo sheria zipatazo 35. Bila shaka walikuwa wakitengeneza mahali pa kuandika jina la mshindi, kama katika mawe mengine. Lakini jina halikuandikwa. Mahali pale pamebaki laini na tupu. Ama mfalme alikufa, ama vita vingine vilimwita, ama mtu fulani aliziogopa laana za Hammurabi. Kila mmoja wenu achague. Sheria nyingine kati ya zile zilizofutwa zimepatikana baadaye katika mabamba ya udongo, kwa kuwa Wababeli walizinakili muda mrefu katika shule zao.

Shutruk-Nahhunte alipokufa, Kutir-Nahhunte alimaliza kazi ya baba yake. Babeli ilikuwa imeasi chini ya mfalme mwingine, Enlil-nadin-ahi, aliyeshindana na Waelamu miaka 3. Karibu mwaka wa 1155 akashindwa, akapelekwa Elamu mateka, na utawala wa Wakasi ukakoma. Hapo Waelamu wakafanya jambo ambalo Wababeli hawakulisahau kamwe: waliichukua sanamu ya Marduk, mungu mkuu wa Babeli, wakaipeleka kwao.

Labda sisi twaona kwamba sanamu iliyochukuliwa yaweza kuchongwa nyingine. Kwa Wababeli haikuwa hivyo. Walisadiki kwamba mungu wao akaa ndani ya sanamu, ale humo, alale humo, aongoze nchi kutoka humo. Sanamu isipokuwapo, sikukuu kubwa ya mwaka mpya haiwezi kufanyika, na mfalme hawezi kupokea baraka ya utawala wake. Basi aliyeiteka sanamu aliuteka moyo wa taifa. Tena iliwapasa Wababeli kutafuta maelezo. Kusema kwamba Marduk ameshindwa hawakuweza. Walisema kwamba amewakasirikia watu wake na kwenda zake kwa hiari. Upo utungo wa Kibabeli ambamo Marduk mwenyewe asimulia safari zake: alikwenda kwa Wahiti, alikwenda Ashuru, alikwenda Elamu, na kila mara asema kwamba ni yeye aliyetaka. Ukweli ni kwamba kila mara alifungwa kamba na kubebwa.

Aliyemrudisha ni Nebukadneza wa Kwanza, karibu mwaka wa 1110. Msimchanganye na yule wa kitabu cha Danieli, aliyeishi zaidi ya miaka 500 baadaye. Huyu wa kwanza alishambulia katika mwezi wa Tamuzi, katikati ya kiangazi, wakati ambapo hakuna jeshi lililosafiri. Jiwe moja la siku zile, lililo leo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, laeleza kwamba njia iliwaka kama moto, visima vilikauka, farasi walio bora walisimama, na miguu ya mashujaa ililegea. Walipigana kando ya mto Ulai, na vumbi lilifunika jua. Mto huo ndio ule ambao nabii Danieli alijiona kando yake katika maono, sura ya 8. Mkuu wa magari ya vita, Ritti-Marduk, alipigana upande wa kuume wa mfalme, na kwa sababu hiyo vijiji vyake viliondolewa kodi. Ndiyo maana jiwe lile lilichongwa. Mfalme wa Elamu, Hutelutush-Inshushinak, mjukuu wa Shutruk-Nahhunte, akatoweka. Marduk akarudi Babeli kwa shangwe. Lakini mawe ya Naram-Sin na Hammurabi yalibaki Susa.

Sasa tufungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 4 na ya 5. Miaka kama 100 baada ya Shutruk-Nahhunte, Waisraeli walipigwa na Wafilisti, na Sanduku la Agano likatekwa. Wafilisti wakaliweka nyumbani mwa Dagoni mjini Ashdodi. Hawakulichoma moto. Hawakulitupa. Walifanya kama Mwelamu alivyofanya: walimpelekea mungu wao kitu kitakatifu cha mshindwa kiwe sadaka ya ushindi. Asubuhi wakamkuta Dagoni ameanguka kifudifudi mbele ya Sanduku. Siku ya pili kichwa na mikono yake vimekatika. Kisha yakaja majipu, na hofu katika kila mji, hata wao wenyewe walipoliweka Sanduku juu ya gari la ng'ombe wawili wanyonyeshao, wakaliacha liende. Hakuna jeshi la Israeli lililokwenda kulikomboa. Ng'ombe walilirudisha, wakilia njiani kwa ajili ya ndama wao.

Lakini tazameni pia kosa la Waisraeli wenyewe katika habari hiyo. Walilileta Sanduku vitani wakidhani kwamba Mungu atalazimika kupigana kwa kuwa Sanduku lake liko pale. Walikuwa wamewaza kama watu wa Susa na wa Babeli: mwenye kushika kitu amshika Mungu. Watu 30.000 walikufa kwa wazo hilo, na wana wawili wa Eli pamoja nao. Je, hakuna leo Mkristu avaaye medali kwa moyo wa namna hiyo, kana kwamba chuma chenyewe kina amri juu ya Mungu? Medali iliyobarikiwa ni njema. Ni wazo hilo lililo la kipagani.

Nebukadneza wa Pili alipoubomoa mji wa Yeruzalemu, mwaka wa 586 kabla ya Kristu, alitafuta mateka wa kumpelekea Marduk kama desturi, wala hakupata sanamu, maana hazikuwapo. Alichukua vyombo vya dhahabu na fedha. Wakati ule ule nabii Ezekieli, aliyekuwa kati ya wahamishwa kando ya mto Kebari, aliuona utukufu wa Bwana huko huko Babeli, katika nchi ya kigeni. Hapo ndipo tofauti ilipo. Marduk alifuata alikobebwa. Mungu wa Israeli aliwaendea watu wake walikobebwa. Isaya asema jambo hilo hilo katika sura ya 46: miungu ya Babeli yainama, ni mzigo juu ya wanyama waliochoka, haiwezi kuwaokoa waibebao, bali Bwana ndiye aliyewabeba watu wake tangu tumboni mwa mama zao.

Susa nayo ilipata zamu yake. Mwaka 646 kabla ya Kristu, Ashurbanipali, mfalme wa Ashuru, aliuteka mji, akaubomoa mnara wa hekalu lake, akazichukua sanamu za miungu na za wafalme. Tena aliyafungua makaburi ya wafalme wa Elamu, akaipeleka mifupa yao Ashuru. Watu wa Susa na Waelamu wengine walihamishwa hata Samaria, kama Kitabu cha Ezra kinavyotaja katika sura ya 4. Nabii Yeremia, sura ya 49, aliitabiria Elamu maangamizi na kutawanywa pande zote nne za upepo, kisha akaongeza kwamba katika siku za mwisho Bwana atawarudisha wafungwa wake. Na siku ya Pentekoste, kati ya waliosikia matendo makuu ya Mungu katika lugha zao, Matendo ya Mitume yawataja Waparthi, Wamedi na Waelamu.

Mawe yalilala chini ya kifusi zaidi ya miaka 2500. Mwaka 1897 Mfaransa Jacques de Morgan alianza kuchimba Susa. Mwaka 1898 likaonekana jiwe la Naram-Sin, na mwisho wa mwaka 1901 na mwanzo wa 1902 vikaonekana vipande vitatu vya jiwe jeusi. Aliyelisoma ni padri, Vincent Scheil, wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, mzaliwa wa Lorraine. Katika mwaka ule ule wa 1902 alilichapisha lote pamoja na tafsiri, naye ndiye aliyezigawa sheria na kuzihesabu kuwa 282, hesabu itumikayo mpaka leo. Mara watu wengine wakaanza kusema kwamba Musa alinakili tu kazi ya Hammurabi. Padri Scheil na wenzake hawakuogopa kulinganisha, wala sisi tusiogope. Ni kweli kwamba jicho kwa jicho limo katika vyote viwili, na ng'ombe mwenye kupiga pembe pia, maana watu wa nchi zile walikuwa na kesi za namna moja. Lakini kwa Hammurabi, avunjaye jicho la mtumwa wa mwingine humlipa bwana wake nusu ya bei ya mtumwa. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, avunjaye jicho la mtumwa wake mwenyewe lazima amwache huru kwa ajili ya jicho lake.

Kwa mkataba wa mwaka 1900, mfalme wa Uajemi aliwaachia Wafaransa vyote vitakavyochimbuliwa Susa. Mkataba huo ulifanywa na mfalme; wenyeji wa Susa hawakuulizwa. Basi mawe yakasafiri tena, mbali zaidi kuliko mara ya kwanza, na leo yamo katika nyumba ya makumbusho ya Louvre, mjini Paris. Atembeaye humo aweza kuona maneno ya Shutruk-Nahhunte kando ya mlima wa Naram-Sin, na chini ya sheria za Hammurabi ile sehemu laini isiyoandikwa kitu.

Wenye Biblia nyumbani na wasome kabla ya juma lijalo sura ya 4 hata ya 7 za Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Tutaendelea na Sanduku la Agano tulipoliacha, njiani kwenda Beth-shemeshi.